Tuzo Katikati ya Konseto

Rafiki yangu, shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu nane na mia mbili: nyuzi mpya za fidla, gauni, na gari la kukodi la kutupeleka sote Changamwe, kwenye ukumbi wa onyesho. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya pili nilitarajia zipungue, hazikupungua.

Binti yangu alijifunza fidla kwenye taarabu za harusi huku kwetu Bofu. Mwaka uliotangulia alipotea katikati ya wimbo mbele ya watu, akaisukuma fidla mvunguni, miezi ikapita asiiguse. Kisha mwalimu mmoja wa muziki kutoka Kisauni akatunga konseto, yaani kazi ndefu ambayo fidla moja husimama mbele ya okestra nzima, akamwomba yeye aipige. Akakubali, lakini akanambia, "Baba, nikipotea tena, iuze." Mimi ni mtu wa kuuza kila kitu. Hiyo sikutaka kuiuza.

Konseto yenyewe haina pa kupigia makofi. Fidla ilianza chini, kwenye uzi mnene, kama mtu anayekohoa kabla ya kudai haki yake. Nikahesabu mapigo: saba. Nikarudia: matano. Nilidhani nimekosea, kumbe ndivyo ilivyo, hubadilika mara tu uizoeapo. Okestra ikamjibu kwa sauti za kukwaruzana, wakawa kama wanapatana bei: wao wakipandisha, yeye anashusha, wakishusha, yeye keshatoka dukani. Ghafla wote wakanyamaza, wakamwachia peke yake. Hapo ndipo nilipoogopa, maana akipotea hapo hakuna wa kumsitiri.

Na hapo ndipo dada yangu mkubwa alipoinuka.

"Keti, dada," nikamvuta buibui.

"Niketi? Wenzake wamemsusa, mtoto apiga peke yake namna hii, na hapana hata mmoja wa kumtuza! Nyinyi mna mioyo kweli?"

Akaenda kwa madaha, noti ya mia mbili kaiinua juu, akambandika binti yangu kwenye paji la uso. Kwetu mmoja akituza wengine hawakai. Wanawake wa ukoo wakamfuata. Mwongozaji akabaki na kijiti chake hewani.

"Mama, rudini mkakae!" mtu akanong'ona.

Dada akamjibu kwa sauti kamili, "Nirudi na pesa zangu? Zako ziko wapi?"

Binti yangu hakuacha kupiga. Alishika sauti moja ya chini, akaivuta polepole kwenda na kurudi, vile mpiga fidla wa harusi anavyongoja watuzaji wakae. Walipokaa, akapanda kutoka sauti ile ile hadi pale alipoachia, na okestra ikaingia. Alhamdulillahi! Nilishusha pumzi hata sehemu ya mwisho, yenye kasi na kishindo cha malori, ikawa yanibembeleza.

Mtunzi alitujia akicheka. "Mzee, hamkuniharibia. Pale nitaandika nafasi ya kutuza."

Binti akanipa fidla. "Ibebe vizuri, baba. Kesho nina mazoezi."

Limebaki jambo moja. Kwenye taarabu, tuzo huingia mfuko wa kikundi. Dada asema basi pesa zigawanywe na okestra. Binti asema wenzake walikuwa wamenyamaza, walitoa jasho gani? Okestra nimewauliza, nao desturi hii hawaijui. Wewe uliyekulia kwenye taarabu, nishauri: nizigawe, au nimwachie mwenyewe?