Swali Nililouliza Kwenye Mazishi ya Mjomba

Krrr! Mlio wa kiti cha plastiki kikiburutwa kwenye simiti bado ninao masikioni, na kila nikiusikia natamani ardhi inimeze (na mimi ni mtu wa kucheka kila kitu, jamani, ila hili limenishinda).

Mjomba Karisa ndiye aliyenilea hapa Mishomoroni. Alipofariki, familia ikasema mimi Sidi nina mdomo, niseme neno kabla mwili haujapelekwa Kilifi. Walitaka shukrani tu, basi. Lakini mimi, niliyeishia kidato cha pili na bado naota kuhutubia umati, nilikuwa nimetazama kwenye simu mafunzo ya ufasaha, nikajifunza swali la balagha, lile usilotaka lijibiwe, unauliza, unanyamaza, watu wanajijibu moyoni. Nikaona, mbona niseme "mjomba alikuwa mtu mwema" kama kila mtu? Nitauliza.

Nikapaza sauti: "Ni nani hapa aliyewahi kudhulumiwa na Karisa? Nani? Asimame!"

Kisha nikanyamaza, tena kwa madaha, mkono kifuani.

Sasa mnajua matanga yetu, lazima familia iulize kama kuna mwenye dai kwa marehemu, ajitokeze kabla hajazikwa. Mimi nilisahau, waombolezaji hawakusahau. Ndipo kiti kikalia kule nyuma, akainuka mama mmoja nisiyemjua, amemshika msichana mkono.

"Mimi, mwanangu. Huyu ni damu ya Karisa. Alimkana mpaka anakufa."

Na lile paji la uso, haki ya Mungu, lilikuwa la mjomba.

Mkewe, mama Dama, alikuwa ameketi mbele kando ya jeneza. Ningenyamaza hapo ingekuwa nafuu, lakini nilibabaika, ulimi ukakimbilia swali la pili nililolikariri usiku kucha: "Na ni nani asiyejua alivyompenda mkewe?"

"We Sidi, keti!" akafoka mjomba Ngala, mdogo wa marehemu.

"Mwacheni aulize jingine!" kijana mmoja akadakia, na watu wakacheka, wakacheka msibani, na mama Dama akajifunika leso usoni, akaingia ndani.

Nikamfuata mbio. "Mama, sikujua..."

"Mimi nilijua," akasema, bila kunitazama. "Miaka yote nilijua. Nilitaka tu leo nimzike mume wangu kama wanawake wengine. Leo tu, Sidi."

Tangu hapo nimeapa: mbele ya mtu mwenye uchungu sitapamba neno, na swali nisilotaka jibu lake sitaliuliza.

Tuliporudi kutoka Kilifi mama Dama hakunisemesha. Kesho yake asubuhi nikapika uji, nikaumimina kwenye bakuli, nikaufunika kwa sahani, nikaenda mpaka mlangoni pake. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo, tena mazuri mno. Nikaliweka bakuli kizingitini, nikagonga mara moja, nikaondoka.