Mama Anayehama Filamu

Katuni zina tabia moja mbaya: mama hafiki mwisho. Filamu haijapata joto, mama ameliwa, ameanguka au amechukuliwa na mafuriko, na mtoto amebaki peke yake akiimba. Sijui waliozichora walikosewa na nani. Lakini katika duka la filamu la Kihara, hapa Kiamunyi, ukuta mmoja wa mbao kutoka saluni yangu, mama akifa alikuwa anarudi baadaye akiwa kobe, au shangazi, au malkia wa mchwa.

Sababu ilikuwa rahisi. Kihara alikuwa akitafsiri filamu: anashusha sauti za Kiingereza, anapachika yake juu, kisha anawawekea wateja kwenye flashi. Nasema kutafsiri kwa heshima tu, maana nusu ya maneno alijitungia. Wanaume wote aliwasemea yeye. Wanawake wote aliwasemea mkewe Cheptanui, mzaliwa wa Olenguruone, ambaye lafudhi ya kwao alikuja nayo ndoani na hakuiacha. Malkia wake alimwita mumewe "pwana mfalme". Nilikuwa nikisikia kupitia ukutani, nacheka mpaka mteja anauliza kama niko sawa.

Binti yao Wangui ndiye aliyeanzisha ile imani. Jumapili, kanisa likiisha, watoto wa ploti walijaa dukani kutazama bure, na yeye akawafundisha kwamba filamu zote ni dunia moja. Twiga aliyekufa huku ndiye kobe wa kule, na yule kobe akija kuolewa atakuwa malkia.

"Si mnaskia vile anaongea?" alikuwa akiwaambia. "Ni yeye. Hadedi, hafi. Anahama tu."

Walibishana hadi ugali ukapoa majumbani. Walitaka kujua ipi ilitangulia na ipi ilifuata, na mwishowe wakapata njia: kikohozi. Kwanza mama hakohoi. Halafu twiga anakohoa kidogo. Kisha malkia anakohoa katikati ya amri. Wakazipanga filamu kwa kikohozi hicho, wakajiona mabingwa. Sisi wakubwa tulijua kikohozi ni cha nani, na tulikuwa tumeshaacha kucheka.

Ilikuwa saratani ya koo. Ilianza kwa kumnyima chakula, ikamalizia kwa kumnyima sauti. Siku moja nilikuwa namnyoa nywele zilizobaki, Wangui ameketi miguuni pake, na Cheptanui akamwambia kwa mnong'ono, "Wangui, mimi nikihama hapa, utanipata huko kwa muvi. Sawa?"

"Sawa, Mami," mtoto akasema, kama aliyetumwa dukani.

Ningefanya nini? Niliendelea kunyoa. Mama anayekufa ana haki ya kudanganya, hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mpaka leo sijui kama ni kweli.

Tulimzika huko Bahati, kwenye shamba la wazazi wa Kihara. Jeneza lilipofunguliwa tupite kumtazama mara ya mwisho, Wangui alikataa kupanga foleni. Alikaa kando ya gari akila mkate, ametulia kabisa. Nikamwita, "Wangui, kuja umwambie mami bye."

"Hakuna haja, auntie. Tutaonana."

Mchungaji alisikia, akawaambia waombolezaji waige imani ya mtoto huyu. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze mimi badala ya Cheptanui.

Tangu siku hiyo, Wangui akitoka shule alikuwa anapitia dukani na swali moja tu: "Dadi, kumekuja mpya?" Kihara anajibu bado. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Wateja wakahamia kwa duka lililo karibu na stendi, na Kihara akawa anafungua ili tu awe na mahali pa kukaa. Nilimkalisha nikamwambia amweleze mtoto ukweli.

"Nakhumicha, hiyo ndiyo kitu imemsimamisha," alinijibu. "Nikiitoa, ataegemea wapi?"

Alikuwa na filamu moja iliyoishia nusu. Ilikuwa ya ndege na kinda lake. Cheptanui alikuwa ameisemea hadi pale ndege anapomwambia kinda wavuke mto, kisha sauti ikamkatikia na haikurudi tena. Likizo ya Agosti, Kihara akaamua kuimalizia. Mwenyewe.

Siku nzima nilimsikia nyuma ya mbao akijaribu. Mwanamume mzima, anabana koo, anatafuta sauti ya mkewe na lafudhi yake: "Kuja, mtoto wangu, usiokope." Anasimama. Anakohoa, maana kikohozi nacho alikihitaji. Anarudia. Nilimwacha mteja na kichwa kilichosukwa nusu, nikaenda nyuma ya choo nikalia hadi nikaona aibu.

Jumapili watoto wakaitwa. Wangui alivaa gauni la Krismasi. Ndege alipofungua mdomo, alikuwa Cheptanui kweli, kakauka sauti lakini ni yeye, na mtoto akashika mikono yake miwili kifuani. "Si niliwaambia!" Wenzake wakashangilia.

Kisha ndege akavuka mto.

Watoto walianza kucheka, maana sauti ilikuwa ya kuchekesha, siwalaumu. Wangui hakucheka. Alisikiliza, akageuka polepole, akamtazama baba yake aliyesimama mlangoni na rimoti mkononi.

"Dadi, huyo ni wewe."

Kihara akabonyeza rimoti, filamu ikasimama.

"Mami yuko wapi kwa hii?"

"Wangui wangu..."

"Hayuko," akasema, akijijibu mwenyewe, na nikaona akizirudia zote kichwani, ya twiga, ya kobe, ya malkia, akimtafuta mpaka ya mwisho.

"Alikuwa kwa ile sanduku," akasema. "Alikuwa hapo tu, Dadi. Na mimi nikakataa kumwambia bye."