Goti la Umaru, Njaa ya Paska

Jamani, hii hamtaamini! Hapa Koboko, Uganda, kuna mwanamke alimwokoa mume wake kwa kukataa kula. Ndiyo, kukataa! Ngoja, twende polepole.

Saa mbili asubuhi, mzee Umaru anazungusha hendeli ya mashine ya kusaga. Injini inakohoa, inashika. Mahindi kutoka kijiji cha Ludara yanaingia juu, unga unatoka chini. Simu ninayomrekodia imekuwa nyeupe kwa unga, na kope za mzee pia.

"Hii kazi nilianza tukirudi kutoka ukimbizini Kongo," anasema. "Kupiga hendeli, kubeba magunia. Goti ikavimba kama mutungi!"

Hiyo ni 1991. Duka la dawa walimpa diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Maajabu! Uvimbe ulishuka, Umaru akabeba magunia akipiga mluzi.

Halafu Ramadhani ikaingia. Mzee akajitungia njia yake: vidonge vyote viwili kwa mpigo kila alfajiri, na maji matupu, maana daku ilimshinda kwa usingizi. Goti likanyamaza. Tumbo likaanza kuwaka. Baadaye choo chake kikawa cheusi kama lami.

Na yeye alifurahi! "Nilisema, saumu inanisafisha. Uchafu ya miaka yote inatoka."

Mke wake, Paska, aliwahi kufagia wadi za hospitali ya Arua. Alipochungulia chooni alipiga kelele: "Baba Igga, hii si uchafu. Hii iko damu!"

Wakamlaza hospitali, amelegea kama nguo mbichi. Daktari Lokule akawaeleza: "Mwilini kuna kitu kinaleta uvimbe na maumivu. Dawa hii inakizima. Lakini kitu hicho kina ndugu yake, analinda ngozi ya ndani ya tumbo. Dawa inamzima na yeye. Goti linapoa, tumbo linabaki uchi, kidonda kinachimba mpaka damu. Na ukikauka maji, figo nazo zinaumia. Dawa si mbaya, mzee. Umeivunjia masharti."

Amri ikatoka: vidonge basi, anywe dawa ya tumbo, ale mchana.

Umaru akakataa! Hata ukimbizini hakuwahi kula mchana wa Ramadhani. Imamu akaja mpaka kitandani. "Mgonjwa anaruhusiwa, Umaru. Siku zako utalipa ukipona." Mzee akageukia ukuta. Na nguvu zinaisha, jamani!

Paska akaweka bakuli la uji. "Sikia, Baba Igga. Wewe utakula, mimi nitafunga. Nyumba yetu haitakosa mutu wa kufunga."

"Wewe iko Mkatoliki!"

"Njaa haiulizi dini. Fungua mdomo."

Akafungua.

Na Paska alifunga kweli, mpaka Idi! Sokoni wakamtania: "Mama Igga, umesilimu?" Akajibu: "Nimefunga, sijasilimu. Pima nyanya."

Umaru alipona, siku zake akazilipa mwenyewe. "Imamu alisema njaa ya Paska haihesabiki kwangu," anasema. "Nikamwambia, sawa sheikh, lakini uji ilishuka."

Leo goti likiuma anakanda kwa maji ya moto, na kidonge hagusi bila kumuuliza daktari. Magunia wanabeba vijana. Mpango wake ni mota ya umeme, awashe mashine kwa kidole kimoja.

"Mota ikifika nitafunga saumu tena, ya shukrani," anadakia Paska, anachambua maharage pembeni. "Siku moja tu!"

Sasa niambie ukweli: ungekuwa wewe kitandani pale, umegeukia ukuta, na mke wako ameshika kijiko, ungefanya nini?