Nyumba niliyomjengea mama Kismayu, na sababu ya yeye kuhamia kibanda cha mabati

Wakuu, amani iwe kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, na ninayaandika nikiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Sitatia chumvi. Iliyomo inatosha.

Kwanza mnijue, maana najua humu kuna watu hawasikilizi mpaka wajue nani anasema.

Mimi ni Mbajuni wa Kismayu, pwani ya Somalia. Vita vya tisini na moja vilitutoa nikiwa mtoto wa kubebwa. Nimekulia kambini Kenya, kisha Mombasa. Baba alifia kambini, mama akanilea kwa kuuza viazi vya kukaanga mlangoni pa watu. Diploma yangu ya ujenzi nimejilipia mwenyewe, mchana nabeba zege, jioni naingia darasani. Sikuwa na mjomba Ulaya wa kunitumia chochote.

Sisemi kwa kujisifu. Lakini nikijisifu nina haki.

Mwaka juzi nikarudi Kismayu. Kiwanja cha baba kilikuwa bado kitupu, na majirani wawili wa zamani walisimama wakashuhudia kuwa ni chetu. Wanaojua habari za viwanja vya huku watanielewa nikisema hiyo peke yake ilikuwa baraka kubwa.

Nia yangu ilikuwa moja tu: kumrudisha mama. Miaka zaidi ya thelathini anaishi ugenini, kambini kisha chumba cha kupanga Mombasa, na kila Idi anasema, "Mungu akipenda, mwakani Kismayu."

Nikaamua kumjengea nyumba ya kuanzia.

Kwa wasiojua: hiyo ni nyumba ndogo unayoiweza leo, lakini imechorwa ili kesho uongeze vyumba bila kubomoa. Watu wengi wanajenga chumba kimoja ovyo, wakitaka cha pili wanavunja nusu ya cha kwanza. Mimi sikusomea ujinga huo. Mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa nyumba ya namna hii, na mwalimu aliuonyesha darasa zima.

Nikachora chumba kimoja cha kulala, jiko, choo, na kibaraza mbele. Nyumba nikaiweka katikati ya kiwanja, ili iweze kukua kulia, kushoto na nyuma. Nondo nikaziacha zimechomoza pande tatu. Milango ya vyumba vya kesho nikaiwekea linta kabisa, ile boriti ya zege juu ya mlango, kisha nikaiziba kwa matofali ya kugongwa na kutoka. Mabomba ya maji nayo nikayafikisha ukutani na kuyafunga. Awamu ya pili chumba cha wageni, ya tatu vyumba viwili, ya nne ukuta wa ua.

Ile kazi ilikuwa safi, wakuu. Mpaka leo nasema ilikuwa safi.

Fundi wangu alikuwa Shee, mtu wa kisiwa cha Kudha, rika langu, hajapata kukaa darasani hata siku moja. Nilipompa ramani aliigeuza, akaigeuza tena, akauliza ua uko wapi.

Nikamwambia ua ni awamu ya nne.

Akawaita wenzake. "Njooni muone. Diploma anajenga nyumba katikati ya uwanja kama goli la mpira."

Wakacheka. Akaniambia huku kwetu mtu huanza na ua, vyumba vikafuata.

Nikamjibu, "Wewe jenga, Shee. Kufikiri niachie mimi."

Hapa nisimame kidogo niwaeleze wa mbali. Kwetu mtu asiye na kitu huzungushia kiwanja kwanza. Awe na makuti, awe na mabati mabovu, awe na magunia, atazungushia. Kisha anaweka chumba kimoja pembeni kabisa, mgongo kwa njia, mlango unatazama ndani. Mwaka mwingine chumba kingine, kando ya kile. Nyumba inakua ikiufuata ua.

Nililijua hilo. Nimelisikia tangu utoto. Lakini niliona ni mtindo wa watu wasio na mpango. Ukuta haulalwi ndani, haukingi mvua, kwa nini uanze nao? Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilisema kwa sauti.

Nyumba ikaisha. Watu wakaja kuitazama, wengine wakipiga picha.

Nyuma ya kiwanja kuna tangi la maji na msikiti. Zamani watu walikuwa wanazunguka. Sasa wakaanza kukata katikati, kona kwa kona, wa miguu na wa bajaji, wakiizunguka nyumba kulia na kushoto, wakipita huku wakisifu nondo zangu zilivyonyooka. Mimi nikisimama kibarazani nawaambia, "Piteni, piteni tu."

Nilitaka wapite. Nilitaka waione.

Mvua ziliponyesha wakawa wananiletea matope hadi kibarazani. Nikachukua zege lililobaki nikamwaga ukanda, kona hadi kona, ukiizunguka nyumba pande zote mbili, wapite pakavu. Nikausawazisha kwa mkono wangu.

Kumbukeni ukanda huo.

Mama akaja. Nilimpokea uwanja wa ndege, akashuka amevaa viatu vipya, mkononi ameshika mbuzi yake ya kukunia nazi, hakukubali iingie mzigoni. Njia nzima ndani ya bajaji alikuwa ananionyesha mahali nyumba za watu zilipokuwa.

Alipoingia ndani aligusa kuta. "Mashallah, mwanangu. Mikono yako isikauke."

Nilihisi nimelipwa.

Kisha akafungua mlango wa jikoni. Nje walikuwa wanapita wanaume wawili na madumu ya maji. Wakamsalimu kwa adabu. Akawajibu, akafunga mlango, akaniuliza:

"Ua uko wapi?"

Nikamletea ramani. Nikamwonyesha awamu ya pili, ya tatu, ya nne. Alitazama mpaka mwisho kwa subira, akasema inshallah.

Siku zilizofuata sikuziona vizuri, maana nilikuwa nashinda kazini. Nimekuja kuziunganisha baadaye.

Mama alikuwa anapika na mlango umefungwa, makaa yanamchoma macho. Nazi anakunia chumbani, kando ya kitanda. Nguo anaanika ndani. Akifungua mlango apate upepo, dereva wa bajaji anamwona hadi kitandani, kwa hiyo akawa anakaa na buibui tangu alfajiri hadi isha, ndani ya nyumba yake. Udhu anachukulia chooni, mwanamke aliyezoea kukaa uani kwenye kigoda na birika lake.

Wanawake walikuja kumpa pole ya safari. Wengine aliwajua tangu usichana. Wakasimama kibarazani, wakaulizana hali, wakaondoka. Hapakuwa na pa kukaa wanawake pasipoonekana na njia. Nilimwuliza mbona wageni wake hawakai. Akasema wana shughuli zao.

Nikaamini. Mtu mwenye diploma.

Wiki ya tatu nikarudi kutoka kazini, mama hayupo. Nikaambiwa yuko kwa Mwanaesha.

Mwanaesha ni binti wa mama mdogo, mjane, anauza mahamri. Anaishi mtaa wa pili, hatua mia mbili kutoka kwangu. Chumba chake ni kimoja, cha mabati. Ua wake ni magunia yaliyoshonwa na makuti ya zamani. Mimi nilikuwa nikipita hapo naona haya kwa niaba yake.

Nikabisha hodi, wakajifunika, nikaruhusiwa.

Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, nyayo zina hina mbichi. Wanawake watano wamemzunguka. Nilikuwa nimemsikia akicheka tangu nikiwa nje, na niliposikia nilisimama kidogo, kwa sababu tangu ashuke ndege sikuwa nimekisikia kicheko kile.

Nikamwambia, "Mama, twende nyumbani."

"Kaa kwanza unywe chai."

Nikamwambia kule kuna vigae, kuna maji ya bomba, kuna feni. Hapa kuna magunia. Ni kipi kilichokosekana?

Akanitazama bila hasira. "Chumba chako kizuri, mwanangu, sijakitia kasoro. Lakini mchu hulala chumbani, hukaa uani. Wewe umenipa pa kulala."

Mchu ndiye mtu, kwa Kibajuni chetu.

Mwanaesha akanimiminia chai, akasema, "Mwache tu kwa sasa, kaka Diploma. Awamu ya nne ikifika utatuita."

Wale wanawake wakavutia leso midomoni.

Nimeona kuna wakuu wameshaanza kuuliza kabla sijamaliza: si ungejenga ukuta basi, yakaisha? Nakuja hapo hapo.

Kesho yake nikamwita Shee, tukaanza kuchimba msingi wa ua. Hatujafika hata mchana, watu wa maji, wale wa madumu, wakasimama. Madereva wa bajaji wakasimama. Hakuna aliyegombana. Walitutazama, wakaenda kwa wazee wa mtaa.

Nikaitwa. Nikaenda na karatasi zote, ramani, na majirani wangu wawili. Mzee wa kikao akaniuliza maswali matatu tu.

Watu wanapita hapo tangu lini? Nikasema tangu nyumba ilipoisha.

Ulipata kumzuia mmoja wao? Nikasema hapana.

Na lile zege, nani amelimwaga?

Nikasema ni mimi.

Akasema Kisomali, "Waa jid." Hiyo ni njia. Akaongeza kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa, "Karatasi yako ni ya kweli, na zege lako ni la kweli. Ungefunga hata kamba, tungekusemea."

Hukumu ikawa njia ibaki, kona kwa kona. Nina ruhusa ya kujenga pande zake mbili. Wakuu, pande zilizobaki ni vipembe. Upande mmoja ni wa kufugia kuku, mwingine haufiki upana wa kitanda. Vyumba vyangu vitatu vya kesho vinapita juu ya njia ya watu. Ile nyumba niliyoichora ikue pande tatu haiwezi kukua hata upande mmoja.

Nilidhani Shee atacheka. Hakucheka. Alikusanya sepetu zake akasema, "Pole, bwana." Bora angecheka.

Nikamweleza mama. Nikamwambia nitatafuta kiwanja kingine, nje ya mji viko. Akakataa. Akasema hakurudi Kismayu kuona kuta, alirudi akae na watu wake, na watu wake wako mitaa hii, na mimi nisijitaabishe.

Nisijitaabishe. Nimesoma, nimebeba zege, nimejenga, ili niambiwe hivyo.

Ijumaa moja akaniita baada ya sala. Akauliza kama yale matofali ya awamu ya pili, niliyokuwa nimeyafunika turubai kando ya nyumba, yana kazi. Magunia ya Mwanaesha yamechanwa na upepo wa kusi. "Naona haya kuomba kwa watu," akasema, "na mwanangu ni fundi."

Nikayabeba. Bajaji ilienda na kurudi siku nzima.

Tukajenga na Shee. Yeye akashika kamba na pima maji, mimi nikawa nampa matofali, kwa sababu kazi ya kona anaijua kuliko mimi, na siku hiyo sikuwa na la kubisha. Mama alikuwa amesimama kando anatuonyesha. Mlango hapa, si pale. Ukuta mfupi ndani, mbele ya mlango, anayeingia asione moja kwa moja hadi jikoni. Pale paachwe wazi, pa mkeka. Aliujua ule ua kipimo kwa kipimo, wala hakuwa na karatasi.

Huo ukuta ndio awamu ya pili ya mradi wangu, na ya mwisho. Uko kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Mama anaishi ndani yake. Kila siku nampelekea samaki, nakaa, nakunywa chai, kisha narudi kulala kwangu peke yangu, na watu wa maji wananipungia mkono dirishani.

Somo langu ni hili, na si la kitabuni. Ukijenga nyumba ndogo ya kuongezwa baadaye huku pwani kwetu, zungushia kwanza, hata kwa makuti. Chumba cha kwanza kisukume pembeni. Asipite mtu kwenye kiwanja chako kwa sababu unapenda kusifiwa.

Na nyumba yangu haina ufa hata mmoja. Mwenye pima yake aje apime.

Nilikuwa nampigia mama simu kila siku miezi yote ya ujenzi. Nilimweleza simenti, nilimweleza nondo, nilimtumia picha za linta. Sikumwuliza hata siku moja atakaa wapi mchana.

Uwanja ni wenu sasa. Anayejua namna ya kukirudisha kiwanja kilichokwisha kuwa njia anieleze. Anayetaka kunicheka acheke, lakini kwanza aandike hapa chini: yeye kabla ya kuchora alimwuliza nani?