Mwaka Mama Alipokonda

Sweta ya sufu iliyoloa jasho na kuanikwa kivulini ina harufu yake, kali kidogo, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Juzi nilikutana na harufu hiyo kwenye mitumba sokoni Kariobangi, na hasira ikanipanda kabla sijajua ninamkasirikia nani. Kisha nikakumbuka. Ni mimi niliyekuwa nikifua sweta za Mama, na ni mimi niliyemsaidia kuzivaa, tatu kwa mpigo, katika joto la Januari.

Mama alikuwa mnene, tena unene wa kujivunia. Akipita njiani watu walimsifu: "Mama Nekesa, unakaa vizuri! Huyo mzee anakutunza." Baba, aliyekuwa kibarua kiwandani mtaa wa Baba Dogo, alitembea kando yake kifua mbele kana kwamba kazi yote ni yake. Mama alikuwa na kibanda cha chakula karibu na mafundi wa jua kali. Aliuza supu ya mifupa, maharagwe na chapati, na mafundi walisema wazi kwamba mpishi mwembamba haaminiki.

Nilipokuwa na miaka kumi alianza kuona kizunguzungu. Kliniki wakamwambia ana presha na sukari, na muuguzi hakumzungusha: apunguze mwili, aache mafuta na chai ya sukari, atembee kila siku. Mama alitii. Kila alfajiri tulitembea sisi wawili hadi mtaa wa Lucky Summer na kurudi kabla sijaenda shule, mimi nikinung'unika njia nzima, yeye akinicheka kwamba hata nyanya yangu wa Bungoma angeniacha nyuma. Mwili ukapungua, kizunguzungu kikaisha. Siku moja alipanda ngazi hadi ghorofa yetu ya nne bila kupumzika, akasimama mlangoni akicheka kama msichana.

"Nekesa, umeniona? Sijashika ukuta!"

Mimi nilimwona. Kumbe na majirani walikuwa wakimwona.

Miaka ile mtu akikonda, hukumu ilikuwa imeshatoka: ni ukimwi, ingawa hakuna aliyethubutu kuutaja. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Wambui wa ghorofa ya chini, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Alikuja na wenzake wawili, wakaimba, wakaomba kwa machozi, kisha wakaacha mfuko wa unga, mafuta ya kupikia na kilo mbili za sukari.

"Lakini mimi si mgonjwa," Mama akawaambia. "Ni kliniki walioniambia nipungue."

Mama Wambui akamshika mkono. "Hatukuulizi, dada. Mungu anajua."

Nani angemwamini? Katika mtaa wetu daktari alikuwa mtu wa kumwambia mgonjwa ale. Wa kumwambia asile alikuwa hajasikika.

Kibandani wateja wakaanza kupotea. Fundi mmoja wa sufuria, aliyekula kwetu kila siku, alianza kuja na kijiko chake mfukoni, halafu hakuja tena. Hapo ndipo sweta zilipoingia. Mama alizivaa ndani ya gauni, nami nikamzungushia leso kiunoni na kuibana kwa pini ili makalio yajae. "Kaza," aliniambia, "lakini usinichome." Asubuhi ya kwanza tulicheka. Baadaye hatukucheka. Alisimama mbele ya jiko la makaa akitiririka jasho, na watu wakasema, unaona, hata homa haimwachi.

Shuleni nilikuwa nikinywa uji kikombe kimoja na rafiki yangu Achieng. Siku moja akakisukuma kwangu bila kukigusa na midomo.

"Nimekatazwa kukunywa na wewe. Mathako ako na ngoma."

Mathako ni mama yako; na ngoma, ndivyo watoto walivyouita ukimwi. Nilimrukia. Nilirudi nyumbani shati limechanika na mdomo umevimba, nikamfokea Mama jinsi ambavyo sikuwahi kumfokea: "Si unenepe tu! Kwani lazima ukonde?"

Alinisafisha mdomo kwa maji ya chumvi, kisha akatafuta sindano ashone shati.

Kesho yake hakuniamsha twende kutembea. Nilifurahi, nikalala hadi jua likatoka. Jioni alijipakulia mlima wa ugali na nyama ya mafuta, na mimi mwenyewe nikamtilia sukari kwenye chai, kijiko juu ya kijiko. Miezi ikapita, na mtaa mzima ukashangilia: mwili umerudi! Mafundi wakarudi. Kanisani Mama Wambui alimsimamisha mbele atoe ushuhuda wa uponyaji. Mama akasema, "Bwana asifiwe," akaketi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Ugonjwa wa sukari haukusikia ushuhuda ule. Leo Mama anaona vivuli tu, na mtaa umegeuka. Jumamosi asubuhi akina mama wa ploti yetu hukimbia barabarani wamevaa raba, mbele yao Mama Wambui, mwembamba kama ufito, na hakuna anayemwombea. Wiki iliyopita alinisimamisha langoni, akanipima kwa macho juu hadi chini.

"Nekesa, huo mwili umezidi. Jipende, mwanangu. Si unamwona mama yako?"

Nilitamani kumrudishia kilo zake mbili za sukari. Nikapanda ngazi nikifoka, nikamweleza Mama yote, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kwa nini aliacha kutembea? Ni kwa ajili ya wateja?

"Wateja ningewavumilia," alisema. "Hata kanisa. Lakini wewe ulikuwa umepoteza rafiki."

Miaka yote nimeulaumu mtaa, na mtaa unastahili. Ulimsifu kwa kilichokuwa kikimuua pole pole, ukamtenga kwa kilichomponya, na sasa unatoa mawaidha bila aibu. Lakini Mama aliushinda mtaa kila alfajiri, hadi sauti ya mtaa ilipotoka kinywani mwangu.

"Nilikuwa na miaka kumi," nikamwambia. "Sikujua."

"Ndiyo maana sikukwambia," alijibu, akanyoosha mkono kunitafuta.