Ebitinge kwa Majitu ya Kijani

Kabla sijafika kwa majitu ya kijani, niseme kwanza kazi yangu ilikuwa nini. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya kompyuta mjini Kisii, ghorofani juu ya duka la vyuma la familia moja ya Kihindi. Nilipiga chapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na, kuliko vyote, ratiba za mazishi. Kwenye jalada la kila ratiba nilichora kwa mkono ua, msalaba au jua likitua, kutegemea dhehebu la marehemu. Marehemu wangu wote walikuwa wacha Mungu na wakarimu. Sikuwahi kuletewa hata mchoyo mmoja, na sisi wachoyo tunao.

Mwenye duka alikuwa mama mjane, mzaliwa wa Kisii, aliyeongea Ekegusii vizuri kuliko Kiswahili. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na shahada moja na ugonjwa mmoja. Ugonjwa ulikuwa mchezo. Kompyuta ilipiga simu Nairobi kutafuta mtandao, ikalia kama kuku anayekimbizwa siku ya wageni, kisha watu wa Uingereza na Kanada waliojifanya majitu na wachawi wakaanza kuandikiana. Ukitaka kumpiga mtu upanga, unaandika kwamba umempiga. Mara nyingi laini ilikatika kabla upanga haujafika.

Alicheza Jumapili, kwa kuwa duka lilifungwa na simu ilikuwa wazi. Mimi ni Msabato, na Jumapili kwangu ni siku ya kazi kama nyingine. Ndivyo nilivyoponzeka. Siku moja alinijia na mojawapo ya ratiba zangu za mazishi mkononi.

"Dada, wewe unajua kuchora. Nichoree nguo za vita."

"Za nani?"

"Za watu wangu."

Nilidhani anasema Wahindi. Alimaanisha majitu ya kijani yenye meno yaliyotokeza nje, yanayoishi milimani na kufuga ng'ombe. Wenye mchezo walikuwa wameomba wachezaji watume michoro ya deraya kwa kila kabila la humo ndani, na sharti lilikuwa itokane na utamaduni wa kweli, pamoja na maelezo mafupi ya mila. Wenzake walishatuma za Wajapani na za watu wa nchi za barafu. Yeye alitaka za kwetu.

"Milima, ng'ombe, hasira karibu," alisema. "Si hao ni Wakisii kabisa?"

Nilikasirika, jambo ambalo halikunisaidia katika hoja.

Deraya yote niliyoijua nilifundishwa Shule ya Sabato: chapeo, dirii, ngao, viatu. Kwa hiyo nilianzia hapo. Kichwani nikaweka kibuyu kilichovikwa ngozi ya mbega. Kifuani nikaweka dirii ya jiwe la Tabaka, lile wanalochonga vifaru vya kuuzia watalii. Kila mtu wa Kisii anajua jiwe hilo ukiliangusha unaokota vipande viwili, lakini kwenye karatasi lilipendeza. Ngao ikawa ya ngozi ya fahali, na mgongoni nikasuka nyuzi za migomba. Kisha nikafika miguuni nikakwama. Fomu ya wenye mchezo ilitaka chuma cha miguu, na Shule ya Sabato ilikuwa imeniachia viatu tu.

Chuma cha miguu nilikuwa nimekiona mahali pamoja tu duniani, nyumbani kwetu Keumbu, kwenye miguu ya nyanya yangu mzaa baba.

Ebitinge ni pete za chuma ambazo mwanamke wa Kigusii wa zamani alivishwa miguuni siku ndoa yake ilipokamilishwa. Nyanya alikuwa nazo sita kila mguu. Akitembea tulimsikia kabla ya kumwona, na hilo lilitufaa sana enzi za kuiba sukari. Zikishavaliwa hazivuliwi. Mwanamke anayevua mume akiwa hai amemkana. Za nyanya zingevuliwa siku babu akifa. Babu alikwenda Kericho kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai wakati baba yangu bado anabebwa mgongoni, na hakurudi. Kericho si mbali. Hilo ndilo limeniudhi maisha yangu yote. Mtu akipotelea Mombasa unaweza kumsamehe. Ndugu zake walikwenda kumtafuta, wakaambiwa alishahama, wakarudi wamebeba majani ya chai. Habari ya kifo haikuletwa na yeyote, kwa hiyo pete zikabaki. Mchungaji alipomwambia azivue kwa sababu Msabato havai mapambo, nyanya alimwuliza kama ndoa yake yeye mchungaji ni pambo. Alibatizwa nazo.

Mwaka ule miguu ilianza kuvimba. Nyama ilipanda juu ya chuma, kikatoka kidonda. Daktari wa zahanati hakuzunguka: pete zisipokatwa, mguu wa kulia utakatwa badala yake, na huenda hata hilo lisitoshe. Nyanya akamjibu kwamba yeye hajafiwa. Baba alimsihi, mama alilia, mimi nikamgombeza. Yeye akaendelea kuchambua maharagwe. Niliogopa sana. Nilijua ratiba yake ya mazishi ningeichora mimi, na kwamba nisingeweza kuchora hata ua.

Pete nilizichora nikiwa nimepiga magoti namwosha kidonda. Nilizihesabu, nikaangalia zilivyopindwa, nikazivisha majitu. Kwenye maelezo ya mila niliandika ukweli mtupu, kwa Kiingereza cha barua za kuomba kazi: kwamba huvaliwa siku ya kiapo kati ya wawili, na hazivuliwi mpaka mwenzako afe. Tukatuma. Baada ya majuma matatu wakaikubali.

Nilimpelekea nyanya mchoro nikitarajia sifa. Aliushika mbali na macho, akaugeuza, akaurudisha.

"Huyu ni mwanamume?"

"Ndiyo, magokoro." Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa lugha yetu.

"Ameolewa na nani?"

Ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nimevisha jeshi zima la wanaume pete za wake za watu. Mjapani hawezi kukosea hivyo. Lilikuwa kosa la Mgusii kabisa, tena aliyepata elimu. Nyanya alicheka mpaka akakohoa, na kwa siku kadhaa akawa ananiuliza habari za wale wake wenzake wenye meno, kama wanalima, na kama mashemeji wanawatendea vyema.

Niliandika kuomba pete zitolewe. Wenye mchezo wakakataa, maana wachezaji walishazipenda, na maelezo yangu walishayafanya sheria. Wachezaji wawili wakila kiapo, kila mmoja huvishwa. Zinampa nguvu vitani lakini zinampunguzia mwendo, na kompyuta haizivui mpaka mwenzake afe humo mchezoni. Nikaona basi, yaliyopita si ndwele.

Jumapili moja ikaja barua pepe kutoka kwa jitu moja la Kanada. Mwenzake hajaonekana kwenye mchezo kwa miezi minne. Hakufa, hakuaga, haji tu. Pete zinamlemea na kila mtu anampita njiani. Wenye mchezo wamemwambia amwulize aliyeleta mila. Je, mila inasemaje kuhusu asiyerudi?

Niliisoma mara tatu. Mwana wa mwenye duka akaniambia niandike chochote, ni mchezo tu. Sikuweza kuandika chochote. Niliichapa kwenye karatasi nikaenda nayo Keumbu.

Nyanya alikuwa amekaa mlangoni, mguu mbaya juu ya kigoda, nzi wakimsumbua. Nikamsomea kwa Ekegusii, na jitu nikaliita mtu.

"Amengoja miezi mingapi?"

"Minne."

"Minne!" Alinitazama kama mimi ndiye niliyeandika. "Mwambie aache utoto. Angoje."

Nikakunja karatasi. Nilikuwa nimeinuka tayari aliponishika sketi.

"Ni nzito?"

"Anasema hawezi kutembea na wenzake."

"Ndugu za huyo aliyepotea wako wapi? Wao ndio wa kusema amekufa."

"Hawako, magokoro. Hakuna aliyebaki wa kusema."

Ndugu za babu walikuwa wanne, na wote tulishawazika, wawili wa mwisho kwa ratiba zangu. Nilisimama pale nimeshika karatasi.

"Basi atasema mwenyewe," alisema mwishowe. "Mwambie avue. Huyo mtu hata hakumwambia angoje."

Aliposema hivyo hakuwa akiitazama karatasi. Kisha akaniambia nimwite baba.

Kesho yake nilimwomba mwenye duka msumeno wa kukatia chuma. Akauliza wa nini, nikamweleza. Yeye mwenyewe alivuliwa bangili zake mumewe alipofariki, na mikono yake ilikuwa mitupu tangu nimjue. Aliingia stoo, akatoka na msumeno wenye meno mapya na kitambaa laini cha kuweka chini ya chuma. "Mwambie akate polepole," alisema kwa Ekegusii.

Fundi wa baiskeli wa pale Keumbu alikata asubuhi nzima, mama akimwagia maji chuma kisipate moto. Kabla ya pete ya kwanza nyanya alimzuia mkono, akataja jina la babu lote, pamoja na la baba yake, akasema amekufa. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama mtu. Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akatoka nje akaenda kusimama migombani. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Nyanya hakulia. Kidonda kilichukua miezi kupona lakini mguu ulibaki, na kwa muda mrefu aliendelea kutembea akiinua miguu juu mno.

Jumapili iliyofuata nilimwandikia yule wa Kanada kwamba mila inamruhusu avue. Alijibu kabla hatujakata simu. Alishukuru sana kwa wema wangu, lakini mwenzake alikuwa amerudi Alhamisi. Alikuwa na mitihani. Pete bado wamezivaa wote wawili.

Nilipofika nyumbani jioni ile nyanya alinitokea mbele yangu uani nikashtuka, kwa kuwa sikuwa nimezoea kumwona kabla ya kumsikia. Alikuwa amejifunga leso mpya na ameegemea fimbo.

"Yule mtu wako," aliniuliza. "Alivua?"

"Alivua, magokoro," nikamwambia. "Siku ile ile."