Nilivyovuka Hadi Mtongwe Kudai Irabu Moja

Sikwenda Mtongwe kutembea. Nilikwenda kwa hasira, na wallahi hasira zenyewe hazijaniisha mpaka sasa ninapowasimulia.

Kisa ni utenzi wangu. Niliutunga juu ya mfalme wa zamani na siasa za utawala wake: mawaziri wasiothubutu kumkanya, wapiga mbiu wa kumsifu asubuhi na jioni, na raia walionyang'anywa mashamba huku wakiambiwa washangilie. Mfalme nilimbuni. Mashamba sikuyabuni. Dada yangu mkubwa, Zena, aishiye Mtongwe, alizungushiwa seng'enge minazi yake na tajiri mmoja ambaye sasa agombea uongozi na apenda kuitwa Mfalme. Utenzi nilimtungia Zena, na ubeti alioupenda kuliko yote ni huu:

Mfalme yuwatinda,
raia wa kuwalinda,
mashamba waliyopanda,
leo yeye ni mwenyewe.

Kutinda, kwa Kimvita chetu, ni kuchinja: mfalme awachinja raia aliopaswa kuwalinda. Mwalimu mmoja wa Likoni aliniomba ruhusa vijana wake waughani kwenye hafla ya mashairi, nami nikamwambia haya, chukueni. Siku chache baadaye nikaletewa video kwenye simu. Vijana wamevaa fulana zenye picha ya yule tajiri, wapiga makofi na kuimba, "Mfalme yuwatenda, raia wa kuwalinda!" Yuwatenda! Yaani mchapakazi! I moja imegeuzwa E, mishororo ya mashamba imeachwa, na mchinjaji amekuwa mlinzi. Vina vimekaa, mizani imekaa, na uongo nao umekaa kitako. Nikampigia Zena simu, hakushika. Nikampigia tena, hakushika. Baadaye akanitumia neno moja tu: "Umemwimbia."

Jumamosi asubuhi nikavaa buibui langu nikatoka Kiembeni. Hafla ilikuwa siku hiyo, nami nilikuwa nimealikwa kama mtunzi. Njia nzima, Kisauni mpaka darajani, nilikuwa nikisema peke yangu, na dereva wa tuktuk akaniuliza kwa adabu kama nina mgonjwa hospitali. Nikamwambia mgonjwa ni neno langu. Akaongeza mwendo.

Kwenye feri ya Likoni nilisimama karibu na hamali aliyekuwa ameegemea mkokoteni wake wa viazi. Alikuwa akiimba taratibu, na alichokuwa akiimba, Mtume, ni kile kile!

"Ndugu yangu, wajua maana ya hilo unaloimba?"

"Ni wimbo wa Mfalme, mama. Wasema anafanya kazi."

"Na umeona kazi gani aliyofanya?"

Akafikiri. "Hapo sijui. Lakini wimbo mtamu."

Tuliposhuka ng'ambo, bango lilikuwa likinisubiri juu ya kituo cha magari: tajiri mwenyewe ameinua mkono, chini yake mishororo miwili, na chini kabisa, kwa herufi nene, jina langu: Bi Rukia wa Kiembeni. Kila aliyeporwa shamba upande ule alikuwa akipita hapo na kusoma kwamba mimi ndiye niliyemsifu aliyempora.

Mtongwe nilifika saa tano. Uwanjani pamefungwa turubai, vipaza sauti vinne vinanguruma, na mwalimu akanijia mikono miwili mbele. Ni mtu wa bara, mpole, avaaye tai hata kwenye jua lile.

"Karibu madam! Mgeni wetu wa heshima!"

"Mimi si madamu, mimi ni Bi Rukia. Nani aliyenibadilishia neno?"

"Aa, yale makosa ya kuchapa? Nilikusahihishia."

Kunisahihisha! Mimi! Lugha niliyonyonya kwa mama!

"Mwalimu, kutinda ni kuchinja."

Uso ukamshuka. Nilidhani sasa ataomba radhi na kuwaambia vijana wake wanyamaze, nami ningemsamehe, maana kutojua si dhambi. Wapi! Akaangalia kushoto na kulia, akapunguza sauti: "Sasa madam, mabango yashachapwa. Mheshimiwa ameupenda sana. Si ni herufi moja tu? Tafadhali, usome kama ilivyoandikwa."

"Nitasoma kama nilivyoandika," nikamwambia, nikamwacha hapo na tai yake.

Nikaenda kukaa nyuma ya turubai, kwa akina mama waliokuwa wakikata vitunguu vya pilau. Mmoja, Mdigo wa pale pale, akaniuliza tunagombania nini. Nikamweleza.

"Kutinda? Si ndiyo kutsinza kwetu! Mbuzi hawa wametsinzwa alfajiri." Akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. "Yaani huyu asifiwa kwa kutsinza?"

Saa nane nikaitwa jukwaani. Tajiri ameketi mbele kwenye kiti cha sofa, hapana mwingine mwenye sofa. Nikasoma: "Mfalme yuwatinda." Makofi! Tajiri akasimama, akapunga mkono, "Natenda! Natenda!" Alidhani ni lafudhi yangu ya kipwani. Kule nyuma akina mama wakaangua kicheko, na watu wa mbele wakadhani wanashangilia.

Hapo nikashindwa kujizuia. "Sikusema yuwatenda," nikasema. "Nimesema yuwatinda. Ni kuchinja, kama walivyochinjwa hao mbuzi mtakaowala. Na mashamba aliyoyachukua ni ya..."

Kipaza sauti kikazimwa. Ubeti niliumalizia kwa koo langu, wakasikia wachache waliokuwa karibu, na mwalimu akanishika mkono kunishusha ngazi. Pilau sikuonja, wala sikuitaka.

Alasiri nikafuata njia ya minazi mpaka kwa Zena. Seng'enge yapita karibu na dirisha lake hata kuku hana pa kuzurura. Kabla sijabisha mlango ukafunguka.

"Shikamoo, da Zena."

"Marahaba. Ndoo, ingia ndani, chai yapoa."

Tukainywa. Magharibi ilipokaribia akanisindikiza mpaka kivukoni, nasi tukamkuta fundi ameshaweka ngazi kwenye lile bango. Jina langu limepakwa rangi nyeupe. Yuwatenda wameiacha. Nikasimama kulitazama, na nilichojifunza katika safari hii nilijifunza pale: anayemtumikia mfalme akishaambiwa ukweli, humfuta aliyeusema, neno la uongo akalibakiza. Tangu siku hiyo simpi mtu utenzi wangu nikabaki nyumbani. Aughanipo, nami nitakuwapo.

Feri ilikuwa ikipakia. Nikamwuliza Zena mbona alinifungulia mlango kabla sijabisha, naye alikuwa amekataa hata simu yangu.

"Vipaza sauti vyao vyafika mpaka jikoni kwangu, ila sauti ya nani haijulikani," akasema. "Tangu asubuhi vyasifu, havikukatika hata mara moja. Vilipokatika, nikajua anayesema ni wewe."